Sura ya Sita: Sauti ya pili ni ya walioshindwa ya kwanza?

Kaa na wanakwaya baada ya mazoezi, iwe Tunduma mjini, Vwawa au Mlowo, na swali hili halichelewi kufika. Mara nyingi huulizwa na binti aliyejiunga na kwaya akidhani ataimba sauti ya kwanza, kisha mwalimu akamsikiliza mara moja tu na kumhamisha. "Mwalimu, kwani mimi nimekosea wapi?" Mwalimu ana nyimbo nne za kumaliza kabla ya Jumapili, kwa hiyo anajibu kwa mkato: "Hujakosea, mwanangu. Huku juu hufiki. Kaa na dada zako wa alto."

Jibu hilo ni la kweli nusu, na nusu iliyobaki imewakatisha tamaa mabinti wengi. Wapo wanawake ambao sauti zao hazikai juu kileleni na ambao wamesimama mbele ya maelfu ya watu, wamelipwa vizuri, wakaheshimiwa na marais. Katika muziki wa opera mwanamke wa namna hiyo ana jina lake la kazi: mezzo-soprano. Sura hii inamfuata zaidi mmoja wao, Sibongile Khumalo wa Soweto, kwa sababu alilelewa katika kwaya zinazofanana mno na za kwetu. Njiani tutakutana na Mmarekani mmoja, mtoto wa mfanyakazi wa reli, na mfanya magendo mmoja wa kubuni ambaye watu wa Tunduma watamwelewa upesi.

Mezzo-soprano ni sauti gani?

Tuanze na opera yenyewe. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake yote, au karibu yote, huimbwa. Waigizaji wako jukwaani, okestra (kundi kubwa la wapiga vyombo) iko chini mbele yao, na kwa desturi hakuna maiki. Mwimbaji anatakiwa asikike mpaka kiti cha mwisho kwa nguvu ya mwili wake tu.

Sauti za wanawake katika opera hugawanywa makundi matatu makubwa. Soprano ni ya juu. Kontralto ni ya chini kabisa, nayo ni adimu. Katikati yake yuko mezzo-soprano, na "mezzo" kwa Kiitaliano ni nusu au kati. Kwenye kinanda, eneo lake ni kama oktavu mbili, yaani kutoka do hadi do ya juu mara mbili, kuanzia noti ya A iliyo chini ya C ya kati.

Hapa ndipo walimu wengi wa kwaya hukosea. Hudhani tofauti ya soprano na mezzo ni noti ya juu ambayo mmoja anaifikia na mwingine haifikii. Kumbe mezzo aliyefundishwa vizuri huweza kufika juu sana, wakati mwingine noti mbili tatu tu chini ya soprano. Tofauti kubwa iko mahali sauti inapokaa kwa raha na rangi inayoitoa ikiwa pale. Mkazi wa Tunduma anayelala karibu na barabara kuu anajua kwa sikio, bila kufungua dirisha, lori tupu na lori lenye tani thelathini za shaba. Injini ni ileile, barabara ni ileile, lakini mlio una uzito mwingine. Mezzo ni sauti yenye shehena.

Sasa, inawezekanaje mtu mmoja asikike juu ya vyombo sitini au themanini? Kupiga kelele hakusaidii. Anayepiga kelele huchoka kabla ya nusu ya onyesho. Mwimbaji hujifunza kudhibiti pumzi kwa kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, na kulipa nafasi koo lake ili mlio ujikusanye kwenye eneo fulani la masafa, karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde. Katika eneo hilo okestra huwa dhaifu kiasi, na sikio la binadamu ni kali. Sauti hupenya hapo. Kujifunza jambo hili huchukua miaka mingi, na ndiyo maana mtu aliyezoea spika kubwa za kanisani akisimama bila maiki hushangaa sauti yake imekwenda wapi.

Kwa ufupi: mezzo-soprano hatambuliwi kwa noti anazokosa. Hutambuliwa kwa mahali sauti yake inapoishi, na hufunzwa kupenya okestra bila maiki.

Wimbo mmoja, pande mbili za mpaka

Asubuhi ya siku ya shule, mwanafunzi wa Tunduma huimba "Mungu Ibariki Afrika". Hatua chache kutoka pale, upande wa Nakonde, mwanafunzi wa Zambia huimba wimbo wa taifa lake kwa maneno mengine kabisa. Sauti ya wimbo ni ileile. Ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, Afrika Kusini. Ukisimama mpakani hapo huhitaji mtu akueleze kwamba muziki wa kwaya wa kusini mwa Afrika na wa kwetu ni ndugu.

Tarehe 24 Juni 1995, wimbo huohuo wa Sontonga uliimbwa katika uwanja wa Ellis Park, Johannesburg, kabla ya fainali ya Kombe la Dunia la raga. Afrika Kusini ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu uchaguzi wake wa kwanza wa watu wote, na bado ilikuwa na nyimbo mbili za taifa: huu wa Sontonga, uliokuwa wimbo wa wapigania uhuru, na "Die Stem", uliokuwa wa utawala wa Makaburu. Aliyeziimba zote mbili siku hiyo ni mwanamke mmoja, Sibongile Khumalo. Fikiria uzito wake. Wimbo wa pili ulikuwa wa watu waliowafungia weusi wenzake katika vitongoji, na uwanjani wamejaa waliozaliwa nao. Alitakiwa kuuimba bila kuukejeli na bila kuubembeleza. Nadhani sauti nyembamba ingeshindwa kazi ile, ingawa wapo watakaonibishia.

Binti wa mwalimu wa kwaya

Alizaliwa Sibongile Mngoma tarehe 24 Septemba 1957, Soweto. Mama yake alikuwa muuguzi. Baba yake, Khabi Mngoma, alikuwa mwalimu na kiongozi wa kwaya aliyeongoza Ionian Music Society ya Johannesburg, na baadaye akaanzisha idara ya muziki Chuo Kikuu cha Zululand. Kwa maneno ya kwetu, Sibongile alikuwa mtoto wa mwalimu wa kwaya, mtoto ambaye hana pa kujificha siku ya mazoezi.

Akiwa na miaka minane alipelekwa kwa mwalimu Emily Motsieloa kujifunza fidla, uimbaji, maigizo na kucheza. Haya yalitokea katikati ya ubaguzi wa rangi, wakati mtoto mweusi alitarajiwa ajifunze kutumikia. Wazazi weusi wa Soweto waliotaka watoto wao wasome noti walilazimika kutafuta walimu wenyewe na kupanga ratiba wenyewe.

Jambo lililomjenga zaidi, kwa maoni yangu, halikutoka Ulaya. Baba yake alimchukua angali msichana akampeleka Zululand kumsikiliza Binti Mfalme Constance Magogo kaDinuzulu. Mama huyu, aliyeishi kati ya 1900 na 1984, alikuwa binti wa Mfalme Dinuzulu na mama wa mwanasiasa Mangosuthu Buthelezi. Aliimba na kutunga huku akipiga ugubhu, upinde mkubwa wenye uzi mmoja na kibuyu kilichofungwa chini yake. Mpigaji huugonga uzi kwa kijiti, na mdomo wa kibuyu anausogeza karibu na kifua na kuuondoa, ili mlio ufunguke na kufungika. Ni chombo cha sauti ya chini, na mwimbaji huimba chini pamoja nacho. Msichana wa mjini akaketi akasikiliza. Bila shaka alichoka, kama mtoto yeyote anayelazimishwa kukaa na wazee.

Alisoma muziki Chuo Kikuu cha Zululand, kisha Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Baada ya hapo hakukimbilia jukwaani. Alifundisha, akasimamia vituo vya sanaa mjini Johannesburg na Soweto, akalea watoto. Nchi ilimfahamu vizuri mwanzoni mwa miaka ya 1990, umri wake ukikaribia miaka 35, alipofanya onyesho lililounganisha nyuso zake tatu: muziki wa kitaaluma, jazi na nyimbo za asili. Mwaka 1993 alipata tuzo ya Standard Bank ya wasanii vijana. Mwaka uliofuata aliimba siku Nelson Mandela alipoapishwa kuwa rais.

Miaka 35! Katika muziki wa bongo fleva mtu wa umri huo huambiwa amekwisha. Kwa mezzo huo ni umri wa kuanza kuiva. Sauti nzito huchelewa kukomaa, na anayeisukuma mapema huiharibu.

Kisha likaja jambo ambalo ni vigumu kulisimulia bila kutabasamu. Mtunzi Mzilikazi Khumalo, profesa wa lugha za Kiafrika aliyekulia katika muziki wa kwaya, alitunga opera kwa Kizulu kuhusu maisha ya Magogo. Themba Msimang aliandika maneno, Michael Hankinson akapanga sehemu za okestra. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza Durban mwaka 2002, na miaka miwili baadaye ikapelekwa Ravinia, karibu na Chicago. Aliyeigiza Magogo ni Sibongile Khumalo, yuleyule aliyeketishwa akiwa msichana amsikilize mama huyo. Na mhusika mkuu hakuwa soprano. Mtunzi aliyejua kwaya na aliyejua ugubhu alijua pia kwamba binti mfalme huyu ana sauti ya kati.

Sibongile Khumalo alitunukiwa Nishani ya Ikhamanga na serikali ya nchi yake mwaka 2008. Alifariki dunia tarehe 28 Januari 2021, akiwa na miaka 63.

Carmen na njia za panya

Wasomaji huniuliza: sawa, lakini hizi opera za Wazungu zinatuhusu nini sisi? Jibu langu ni Carmen.

Opera hii ya Georges Bizet ilioneshwa kwa mara ya kwanza Paris tarehe 3 Machi 1875. Ilipokelewa kwa ubaridi, na Bizet akafa miezi mitatu baadaye bila kujua kwamba ametunga mojawapo ya opera zitakazoimbwa zaidi duniani. Carmen ni mfanyakazi wa kiwanda cha sigara mjini Sevilla, Hispania. Anagombana na mwenzake, anamkata kwa kisu, anakamatwa, na koplo anayemlinda, Don José, anamwachia kwa sababu amempenda. Koplo anafungwa, anatoka, anatoroka jeshi na kuishia kwenye genge la wafanya magendo milimani. Katika sehemu ya tatu genge linataka kupitisha bidhaa, na kuna maofisa wa forodha njiani. Wanawake wa genge wanawaambia wanaume watulie: hao maofisa waachieni sisi.

Mtu aliyekulia Tunduma hahitaji maelezo ya tukio hilo. Anazijua njia za panya, anawajua wanaovusha sukari na vitenge usiku, na anajua maneno matamu yanayosemwa kwenye vizuizi. Tangu mwaka 2019 kuna kituo cha pamoja cha huduma mpakani Tunduma na Nakonde na foleni ya malori imepangwa upya, lakini hadithi za zamani bado zinasimuliwa vijiweni. Carmen ni hadithi ya mpakani. Mwisho wake ni mbaya: anamkataa José, naye anamuua. Opera nyingi huyapamba mauaji ya namna hii kwa muziki mtamu, na si vibaya mtazamaji kulikumbuka hilo anapopiga makofi.

Bizet alimpa Carmen sauti ya mezzo. Soprano alimpa Micaëla, binti mpole wa kijijini anayemletea José barua ya mama yake. Ukishasikia mgawanyo huo mara moja utauona kila mahali: soprano ndiye anayependwa, mezzo ndiye anayejua mambo. Baadhi ya nafasi kubwa za mezzo ni hizi:

- Delila, katika opera ya Saint-Saëns ya mwaka 1877. Ni yule wa kitabu cha Waamuzi, aliyemnyoa Samsoni.
- Amneris, binti wa Farao, katika Aida ya Verdi. Onyesho la kwanza halikufanyika Ulaya. Lilikuwa Cairo, Desemba 1871.
- Azucena, mama mwenye kisasi, katika Il trovatore ya Verdi.
- Cherubino wa Mozart, kijana wa kiume anayependa kila mwanamke anayepita. Huimbwa na mwanamke aliyevaa suruali, na watazamaji hawalalamiki.

Mtoto wa mfanyakazi wa reli

Mmoja wa Carmen waliosifiwa sana karne iliyopita ni Grace Bumbry. Alizaliwa mwaka 1937 mjini St. Louis, Marekani. Baba yake alishughulikia mizigo ya reli, kazi ambayo familia nyingi zinazoishi karibu na stesheni za TAZARA zinaifahamu. Mama yake alikuwa mwalimu, na familia ilikuwa ya kanisani na kwaya.

Akiwa na miaka 17 alishinda shindano la uimbaji la redio. Sehemu ya zawadi ilikuwa nafasi ya kusoma katika chuo cha muziki cha mji huo. Chuo kikamkataa kwa kuwa ni mweusi, kikajaribu kumtuliza kwa kumwahidi masomo ya pembeni, mbali na wanafunzi weupe. Mama yake akakataa. Grace akaenda kusoma kwingine na hatimaye akafika kwa mwalimu Lotte Lehmann, mwimbaji mashuhuri wa Ujerumani aliyehamia Marekani.

Mwaka 1961 alialikwa Bayreuth, Ujerumani, kwenye tamasha la opera za Richard Wagner, aimbe nafasi ya Venus. Magazeti yakawaka: mungu wa kike wa mapenzi atakuwaje mweusi? Aliimba. Watazamaji walipiga makofi kwa nusu saa, na waimbaji wakaitwa kurudi jukwaani mara 42. Alikuwa na miaka 24. Mwaka uliofuata aliimba Ikulu ya Marekani mbele ya Rais Kennedy.

Miaka ya 1970 Bumbry alifanya kitu kilichowagawa wapenzi wa opera: alianza kuimba nafasi za soprano. Wengine walisema anajiharibu. Yeye aliendelea, na mwaka 1985 aliimba Bess katika Porgy and Bess kwenye jumba la Metropolitan, New York. Alifariki mwaka 2023. Maisha yake yanatukumbusha kwamba haya makundi ya sauti yamewekwa na watu ili kupanga kazi, na mwimbaji mwenye ufundi anaweza kuvuka akijua gharama yake.

Kwa ufupi: Khumalo na Bumbry wote walitoka kwenye nyumba za kwaya, wote walifungiwa milango kwa sababu ya rangi, na wote walikuwa na mzazi mmoja aliyekataa kudharauliwa.

Kazi yenyewe inalipaje?

Katika Ujerumani na nchi jirani, majumba mengi ya opera huajiri waimbaji kwa mshahara wa mwezi, kama watumishi wengine. Bumbry alipitia jumba la aina hiyo huko Basel, Uswisi. Wengine hujitegemea: wanalipwa kwa kila onyesho, wana wakala anayewatafutia kazi, na wakipata mafua siku ya onyesho hawalipwi. Wote hujifunza kuimba kwa Kiitaliano, Kijerumani na Kifaransa. Mwanakwaya wa Songwe anayeimba Kinyiha nyumbani, Kiswahili kanisani na Kibemba akivuka Nakonde ana mdomo uliokwisha kuzoea kazi hiyo.

Kuhusu noti, kwaya zetu nyingi husoma tonika-solfa, zile do, re, mi zilizoandikwa kwa herufi. Kwaya za Afrika Kusini zilizomkuza Khumalo husoma hivyohivyo. Anayejua tonika-solfa ana msingi. Noti za mistari mitano ni hatua inayofuata, na mwalimu mvumilivu huifundisha. Nchini, muziki hufundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Tumaini Makumira karibu na Arusha, TaSUBa Bagamoyo, na chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, Zanzibar. Kenya, soprano Rhoda Ondeng Wilhelmsen alianzisha Baraka Opera Trust ili opera iimbwe na Waafrika wenyewe. Msimamo wangu ni huu: makoo tunayo. Tunachopungukiwa ni walimu wa sauti walio karibu na kwaya.

Na wewe mwalimu wa kwaya, kabla walimu hao hawajafika, kuna mambo matatu unayoweza kuyafanya bila fedha. Usimpandishe juu binti anayekaza shingo. Msogeze chini, umsikilize tena baada ya mwaka. Walau mara moja kwa mwezi zima spika, kwaya iimbe bila maiki. Na mwimbaji ambaye sauti yake imekwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, hata kama ndiye tegemeo la kwaya, mpumzishe na umpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Vinundu kwenye nyuzi za sauti haviponi kwa tangawizi.